Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025: Hela ya Mpakani na Sarafu Moja ya Afrika Mashariki

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama mmeshagawiwa na mweka hazina atazisoma baada yangu. Ada zimeingia vizuri kuliko mwaka jana, ukiacha wenzetu wa vitunguu, ambao tutaongea nao pembeni. Mfuko wa kusaidiana umelipa misiba yote iliyoletwa kwa wakati. Muda wangu nautumia kwa jambo mliloiagiza kamati mwaka jana: chama chetu cha wafanyabiashara kiunge mkono sarafu moja ya Afrika Mashariki, au la?

Hapa Namanga, mpakani mwa Tanzania na Kenya, swali hili si la semina. Mtu ananunua soda kwa hela ya Kenya, anarudishiwa chenji ya madafu, yaani shilingi ya Tanzania, na hakuna anayeshangaa. Kinachotuumiza ni mzigo, hasa ule wa mali kauli, unaochukuliwa leo na kulipwa baadaye. Mfano ambao kamati iliukokotoa ni wa mfanyabiashara aliyevusha mchele Januari 2024 kwa ahadi ya kulipwa laki moja ya Kenya baada ya miezi mitatu. Wakati ule dola moja ilikuwa imefika kama shilingi 160 za Kenya, kwa hiyo laki yake ilikuwa na thamani ya takriban shilingi 1,560,000 za kwetu. Februari Kenya ikapata mkopo mpya wa kulipia sehemu ya deni lake la dola bilioni 2 lililokuwa linaiva Juni, shilingi yake ikapanda ghafla, na kufikia Aprili dola ilikuwa imeshuka hadi 130 hivi. Laki ileile ikawa karibu 1,970,000. Mwenye mchele alicheka. Aliyechukua sabuni na mafuta ya kula Nairobi kwa mali kauli msimu huohuo alilipa laki nne za ziada kwa kila laki ya Kenya aliyokuwa anadaiwa. Wote wawili walifanya biashara yao sawasawa. Kilichowatenganisha ni uamuzi uliofanyika mbali na hapa.

Wajumbe wanaoitaka sarafu moja walianzia hapo, na wana hoja. Wanaongeza kwamba mara nyingi shilingi yetu haiendi kwa ya Kenya moja kwa moja: inageuzwa dola kwanza, kisha dola inageuzwa hela ya Kenya, na kila mgeuzo una mkato wake.

Wazee wanatukumbusha pia kwamba sarafu moja tumewahi kuwa nayo. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa 1919, shilingi yake ikaanza kutumika 1921, na Zanzibar ikaingia 1936 ikaiacha rupia. Sawa, lakini tusiisifie kwa vile imepita. Bodi ile ilikaa London hadi 1960, na shilingi yake ilisimama juu ya pauni ya Uingereza. Serikali za uhuru hazikuweza kuitumia kuendesha uchumi wao kama zilivyotaka, wala hazikuafikiana kuwa na benki kuu moja. Ndiyo maana 1966 kila nchi ilifungua ya kwake, na sisi Benki Kuu ya Tanzania ikaanza Juni mwaka huo.

Itifaki ya Umoja wa Fedha, yaani makubaliano ya kuileta sarafu moja mpya, ilisainiwa Kampala tarehe 30 Novemba 2013, lengo likiwa 2024. Mwaka huo umepita, sasa tunaambiwa 2031. Kabla ya kuingia, nchi inatakiwa kuwa na mfumuko wa bei usiozidi asilimia 8, nakisi ya bajeti isiyozidi asilimia 3 ya Pato la Taifa, deni la umma lisilozidi asilimia 50, na akiba ya fedha za kigeni inayotosha kuagiza bidhaa kwa miezi minne na nusu. Someni tena kipengele cha deni, halafu mfikirie Kenya. Fikirieni Sudan Kusini, ambako mfumuko wa bei umewahi kuvuka asilimia 100, au Kongo, ambako dola inashindana na faranga hadi sokoni. Jumuiya ya Afrika Mashariki sasa ina nchi nane.

Kwa hiyo msimamo wangu, ambao wajumbe wengi wa kamati wameukubali ingawa si wote, ni kwamba tusiipiganie sarafu hiyo kwa sasa. Nchi zikishika hela moja, serikali moja ikikopa kupita kiasi, nyingine zinabeba nayo mzigo. Ugiriki ilipozama kwenye madeni 2010 ilikuwa inatumia euro, haikuwa na sarafu yake ya kushusha thamani. Ilikata mishahara na pensheni. Na tuulizane ukweli: mwaka huu, Julai, serikali yetu imewazuia wasio raia kufanya biashara kadhaa ndogondogo, Wakenya wakalalamika. Na Itifaki ya Soko la Pamoja, ya kufunguliana biashara, inatumika tangu 2010. Kama soko lenyewe bado tunalivutana, nani atakubali bajeti yake ikaguliwe na jirani?

La kwetu la haraka ni jingine. Tangu Machi mwaka huu kanuni zinakataza kutangaza au kudai bei kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, kwa nia ya kuilinda shilingi. Nia nzuri. Lakini kwa kanuni hizo hela ya Kenya ni ya kigeni sawa na dola, na muuza viazi anayemtajia mteja wa Kajiado bei kwa hela ya Kenya yuko upande mbaya wa sheria. Wakati huohuo upo Mfumo wa Malipo wa Afrika Mashariki, unaounganisha benki kuu ili malipo yapite kwa sarafu za nchi wanachama. Wengi wetu hatujawahi kusikia dirisha la benki likiutaja.

Kamati inaleta maazimio mawili. Kwanza, tuiandikie Benki Kuu kuomba utaratibu maalum wa hela ya Kenya kwenye masoko ya mpakani, nakala ipelekwe makao makuu ya Jumuiya. Arusha si mbali, ataipeleka katibu mwenyewe. Pili, tuzialike benki zenye matawi hapa zije zitueleze gharama ya kulipa shilingi kwa shilingi bila kupitia dola, na ziweke viwango hivyo ubaoni. Wajumbe wanaopinga wameomba dakika kumi za kujieleza, nimewapa. Kura itapigwa kwa kunyoosha mikono, kabla ya chakula.