Barua ya wazi kwa Waziri wa TEKNOHAMA na Mwongozo wa Kitaifa: Wananchi hawafuati ahadi kubwa kwa ujinga

Mheshimiwa Waziri,

Ninakuandikia kutoka Jinja, hapa Uganda, kwa heshima inayostahili ofisi yako. Kila mara mwanasiasa anapovuta umati kwa kusema kwamba nchi ina pande mbili, wananchi wanaoumia na wakubwa wanaokula, viongozi wa serikali hutueleza kwamba watu hao wamedanganywa na kwamba dawa yao ni kuelimishwa. Kwa kuwa mwongozo wa kitaifa uko chini ya wizara yako, naomba uyatazame upya maelezo hayo, maana naamini yanaongeza nguvu ya siasa zile zile yanazotaka kuzizuia.

Mji wetu unaujua vizuri mwaka 1972. Mwezi Agosti mwaka huo Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke nchini, akaita hatua hiyo vita vya uchumi, na wananchi wengi wakashangilia. Je, walikuwa wajinga? Kwa miongo kadhaa chini ya ukoloni, Mwafrika alilima pamba huku vinu vya kuichambua vikiwa mikononi mwa wengine, na bei ikipangwa bila yeye kuulizwa. Katika ghasia za mwaka 1949 huko Buganda, haki ya wakulima kuchambua pamba yao wenyewe ilikuwa miongoni mwa madai, na mwaka 1959 watu walisusia maduka ya Waasia. Amin hakuyazua maumivu hayo. Aliyakuta, akayapa adui mwenye sura na akataja tarehe ya kupona. Familia zilizoishi hapa kwa vizazi zilifukuzwa kwa dhuluma, maduka yakagawiwa wanajeshi na vipenzi vya utawala, hao walioitwa mafutamingi, na uzalishaji wa sukari pale Kakira ukaporomoka hadi sukari ikawa bidhaa ya magendo. Tiba ilikuwa uporaji, lakini ugonjwa ulikuwepo kweli, na ulikuwepo kwa sababu waliokuwa na mamlaka kabla yake waliusikia ukitajwa mara nyingi bila kuutibu.

Serikali ya sasa nayo inaijua nguvu ya ahadi inayogusa kidonda. Kodi ya kichwa ilipofutwa mwaka 2005, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi, wataalamu walionya kwamba serikali za mitaa zingepoteza chanzo kikubwa cha mapato yao, na ndivyo ilivyokuwa. Hata hivyo wananchi walifurahi, nami sioni kosa katika furaha hiyo, kwa sababu kodi ile ilikusanywa kwa misako ya alfajiri na kwa kuwakamata watu wazima mbele ya watoto wao. Aliyeiondoa aliwaondolea fedheha, ambayo mtu huihisi kabla hajafikia hesabu za bajeti.

Watu husema mfa maji hukamata maji, lakini methali hiyo haitoshi hapa, kwani mwananchi ninayemfahamu hatapatapi. Anapima nani anamheshimu. Mwezi Julai 2018 alianza kutozwa shilingi 200 kwa siku ili atumie mitandao ya kijamii, pamoja na asilimia 1 ya fedha alizotuma kwa simu, huku akisikia kwamba kinachofanyika mitandaoni ni umbea. Kodi ya fedha za simu ilipunguzwa baadaye mwaka huo huo. Lile neno la umbea halikufutwa. Katika uchaguzi wa urais wa mwaka 2021 mgombea wa upinzani Robert Kyagulanyi, yaani Bobi Wine, alitangazwa kupata takriban asilimia 35 ya kura, na hapa Busoga, eneo letu, alimshinda Rais Museveni. Mtu anaweza kuzikosoa sera zake, kama zinavyopaswa kukosolewa sera za mgombea yeyote, lakini kuwaita wapiga kura hao vijana waliopotoshwa ni kukataa kusikia walichosema.

Nina ombi ambalo liko ndani ya uwezo wako. Mpango wa Maendeleo ya Parishi, ulioanza mwaka 2022, unapeleka shilingi milioni 100 kwa mwaka katika kila parishi, yaani eneo la utawala lenye vijiji kadhaa, na kila kaya inayochaguliwa hukopeshwa milioni 1. Swali ninalolisikia kila mahali ni nani huchagua majina, na kwa nini jirani amepata nami sikupata. Naomba wizara yako ishirikiane na wizara zinazohusika ili majina ya waliopata yabandikwe hadharani katika kila parishi, na maofisa wa wilaya wafike kwenye redio za FM, kwa Kisoga, Kiganda na Kiswahili, wajibu maswali ya wapigaji simu bila kuyachuja, yakiwemo yale makali. Tafadhali tuanzie Jinja, kabla ya fungu lijalo la fedha kutolewa.

Wako kwa heshima,
Mkazi wa Jinja