Barua toka Mikindani, kuhusu mashua ya mjomba

Swahibu yangu,

Asalaam aleikum. Huku sisi wazima, mama yako nilimuona ijumaa sokoni ananunua samaki, mguu umepona anatembea vizuri tu, kasema nikwambie upige simu sio kutuma meseji kila siku, yeye anataka asikie sauti yako. Nimeona nikuandikie kwa urefu kwa sababu ile siku tunaongea uliniuliza "hivi we bado unahangaika na mbao tu?" nikashindwa kukujibu palepale, kusi ilikua inavuma simu haisikiki vizuri na mjomba alikua kasimama karibu yangu. Sasa nakujibu.

Ndio, bado niko kwenye mbao, naunda mashua na mjomba. Huu mwaka wa tatu. Unakumbuka wakati unaondoka kwenda Dar mi nilikua bado wa kunyoosha misumari iliyopinda na kusokota pamba ya kuzibia viungo, mwaka mzima kazi yangu ilikua hiyo na kushikilia mbao upande wa pili. Mwaka jana nikapewa keekee ya kutobolea mbao na kazi ya kukalafati, yani kuziba viungo kwa pamba. Mwaka huu mjomba kanipa tezo yake ya kuchongea, ile ya mpini mweusi, na toka mwezi wa sita nachonga mataruma mwenyewe, zile mbavu za chombo. Elfu kumi kwa siku, siku ambazo kazi ipo. Najua we huko kwenye boti za faiba unapata zaidi, sibishani na hilo.

Chombo tulichonacho pwani sa hivi ni mashua ya futi 28, ya bwana mmoja wa Msanga Mkuu mwenye mikorosho yake Nanyamba. Ndio maana inaenda polepole, hela inakuja kwa mafungu, mashine atanunua mnada wa korosho ukianza mwezi wa kumi, lakini chombo chenyewe anataka kishuliwe majini mapema kianze na tanga. Mkuku, ule mti wa chini kabisa, umelazwa toka mwezi wa tatu, fashini, zile nguzo za mbele na nyuma, zikasimama, mbao za ubavu mninga, na juu kidogo tumemalizia mwembe maana mninga umekua ghali na bila kibali huwezi kuugusa. Wazee hapa wanasimulia mvule wa Rondo, mbao pana kama mlango, mi sijawahi kuunda na mvule hata siku moja.

Kuna kitu kilinitokea mwezi wa tano sijakwambia. Ile mbao ya kwanza kabisa inayolala juu ya mkuku nilipigilia mimi. Jioni, mkono umechoka, misumari mitatu ya mwisho nikaipiga bila kuitobolea kwanza kwa keekee na bila kuizungushia pamba ya mafuta shingoni. Mbao haikupasuka, nikanyamaza. Siku nne baadae mjomba akapita na kidole chake chini kule, unajua anavyopita taratibu kama anasoma, akafika pale akasimama. Ufa mwembamba kama unywele. Hakunigomba. Alisema tu "ng'oa," na mi nikang'oa mbao nzima, futi 14 za mninga, na tukaipoteza. Wiki tatu nimefanya kazi bila kuchukua hela kulipia ile mbao, hakunilazimisha ni mi mwenyewe nilisema, kwa sababu pale ndipo chombo kinapokaa, ukikosea ubavuni juu utachota ngama, maji yanayoingia ndani, basi, ukikosea pale watu watano wako nje ya Msimbati usiku na upepo umegeuka.

Sasa sikiliza, hili ndilo hasa nililotaka kukwambia. Macho ya mjomba yanaisha. Ana mtoto wa jicho, jicho la kushoto halioni kitu, la kulia anaona kama moshi, amepewa tarehe ya kwenda kufanyiwa operesheni na akaiacha ikapita anasema mpaka mashua ishuliwe. Na we unajua mzee hana mchoro. Hajawahi kuwa na mchoro. Anaweka mataruma matatu tu ya kuongozea, la mbele, la katikati na la nyuma, alafu mbao zinafuata, alafu mataruma mengine yanaingia ndani kufuata mbao, na umbo lote lile, jinsi tumbo linavyotoka na jinsi linavyorudi kuingia nyuma kwenye tezi, liko kichwani kwake na kwenye mikono. Kipimo chake shubiri na dhiraa, na uzi uliopakwa mkaa wa betri za redio. Akisema "punguza kidole" ni kidole chake sio changu.

Tulienda kutafuta mataruma porini mimi na yeye, upande wa Naliendele. Yani ungekuwepo. Zamani alikua anatembea anatazama juu tu kwenye matawi anasema lile ni taruma la sita, lile la tisa, lile acha likue. Mtondoo ndio anaoupenda, ukikosekana mwarobaini, anatafuta tawi lililojikunja lenyewe kwa sababu ukikata mkunjo kwenye mbao iliyonyooka nyuzi za mti zinakatika na taruma litavunjika siku ya kwanza chombo kikipigwa na wimbi. Safari hii hakuona juu. Kwa iyo ananiuliza mimi, "lina mkunjo wapi, karibu na shina au mbali?" na mi namuelezea, ananiambia panda ushike, nashika, "linakua nene au jembamba kuelekea ncha?" namwambia, ananyamaza kidogo alafu anasema kata, au anasema twende. Tumekata saba siku hiyo. Nilipoyaleta pwani na kuyasimamisha ndani ya chombo, sita yamekaa kama yamezaliwa humo. La saba nimelikosea mimi kuelezea.

Usiku huo sikulala vizuri. Nikawaza huyu mzee akiacha kazi mwaka huu, mi nina nini? Nina mataruma sita. Nikanunua daftari la kaunta nikaanza kupima, kila taruma umbali wake toka lenzake, kina chake, upana wa mdomo, nimepiga picha mpaka simu imejaa. Lakini picha haikamati umbo la chombo, we unajua, ukiangalia pembeni ni kingine na ukisimama mbele omo ni kingine.

Ndio nikakukumbuka wewe na kalibu zako za kuumbia boti. We uliniambia kalibu ya boti ya faiba inatengenezwa kwa kuchukua boti nyingine au mfano wa mbao, unapaka nta, unalaza mati ya nyuzi za faiba na resini ya kuigandisha juu yake, ikikauka unaitoa na umbo lote limebaki ndani. Sasa nakuuliza swali la kweli kabisa: inawezekana kuchukua kalibu kwenye mashua ya mjomba? Kwa nje iko laini, nimeipiga randa mwenyewe, viungo vyote tumekalafati na kuziba. Na hatujapaka kitu bado, wala sifa, yale mafuta ya papa, wala shahamu na chokaa, nimemwomba asubiri kwa sababu najua resini na mafuta haviwezi kukaa pamoja. Hofu yangu ni mbili. Moja nta, nahisi itataka nyingi sana kwenye mbao tupu namna hii, isije kalibu ikagandia na kutung'olea pamba wakati wa kuitoa. Ya pili ni jua. Mbao zikikaa nje muda mrefu zinakauka zinafunguka, na kusi hii inakausha kuliko jua lenyewe, kila asubuhi tunamwagia maji na kufunika makuti. Sa utapakaje nta kitu tunachokimwagia maji? Hapo ndo naomba akili yako.

Nisikufiche, kuna watu hapa pwani wameniambia nauza kazi ya mzee. Wanasema boti za faiba zinakuja kwa mkopo toka serikalini, Kilwa Masoko serikali imeweka hela kwenye bandari ya uvuvi, mbao imekwisha, na mi naipelekea faiba umbo la mwisho lililobaki. Limeniuma hilo neno. Lakini mi sioni hivyo. Boti nyingi za faiba zinazokuja hapa zimeumbwa kwa bahari nyingine, wavuvi wenyewe wanasema zinapiga kifua kwenye wimbi la huku, na mashua za mjomba zinapasua maji bila kelele, hata ukilala ndani husikii. Kwa nini faiba ya hapa isiwe na tumbo lile? Na mi siachi tezo. Nataka vyote viwili, mbao nijifunze mpaka niweze kusimama porini mwenyewe na kujua tawi, na kalibu iwepo ili nikikosea niwe na pa kurudi kupima.

Nilimwambia mjomba juzi. Nilimwelezea yote, nta, mati, resini, hadina ya kuikaushia, namna inavyopata moto yenyewe ikianza kukauka. Hakujibu kitu, aliendelea kusokota pamba. Nikajua amekasirika. Jana asubuhi nafika pwani nimemkuta kashakaa chini ya mwembe, akaniuliza, "huyo rafiki yako anahitaji siku ngapi?" Nikamwambia sijui mjomba, labda kumi. Akasema kumi sawa, zaidi ya hapo chombo kitafunguka. Alafu akaongeza kwamba tutashua kwenye bamvua, maji makubwa, ya mwezi mpya, sio hii ya mbalamwezi inayokuja, hiyo ilikua imepangwa. Amesogeza wiki mbili kwa ajili yako.

Kwa iyo nijibu kabla ya alhamisi kama unaweza kuomba ruhusa kazini. Resini na mati nunua huko nitakutumia hela nusu sasa nusu nikimaliza ile dau ya Sudi, vipakie kwenye basi ukae navyo karibu visimwagike. Usisahau misumari ya zinki ya inchi 6, kilo tano, ya huku inaoza haraka. Kwa kulala utalala kwetu, dada kashachimba ming'oko, vile viazi vya porini, imejaa kikapu na pweza wapo msimu huu.

Na mpigie mama simu.

Wako,
wa Mikindani