Barua kwa Mwanangu: Jibu Sababu, Usijibu Jina

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata pamoja na ile karatasi ya maswali ya biolojia. Nimeyasoma maswali yote na majibu yako yote. Mengi umepata, na nimefurahi. Ila kuna jambo moja sitaki lingoje mpaka tuonane: swali linapotaka sababu, wewe unatoa jina. Umeulizwa mti unapata wapi uzito wake, ukaandika "usanisinuru", yaani mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga, ukahamia swali linalofuata. Jina ni sahihi, lakini hujaeleza kitu.

Hebu tuanze na huo mti. Jan Baptista van Helmont, mwanasayansi wa zamani, alipanda mche wa kilo 2 na kidogo kwenye udongo mkavu wa kilo 90 hivi, akawa anaumwagilia maji tu kwa miaka 5. Alipoupima, mti ulikuwa na kilo 77 hivi. Udongo nao, alipoukausha na kuupima tena, ulikuwa umepungua gramu zisizofika 60. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1648, yeye akiwa ameshafariki. Alihitimisha kwamba mti wote ulitokana na maji. Kipande alichokikosa ndicho ninachotaka ukiandike wewe: kaboni iliyojenga shina, mizizi na majani iliingia kama kabonidioksidi kupitia stomata, yale matundu madogo ya jani. Maji yalileta haidrojeni, mwanga ukaleta nishati. Oksijeni inayotoka kwenye jani inatokana na maji, haitokani na kabonidioksidi. Hapo umekosea, na watunga mitihani wanapapenda sana. Udongo ulitoa madini, kidogo kwa uzito lakini ya lazima, maana bila magnesiamu hakuna klorofili, ile rangi ya kijani inayonasa mwanga. Halafu usirudie kuandika kwamba mimea hupumua usiku tu. Inapumua saa zote. Mchana usanisinuru unazidi upumuaji, ndiyo maana oksijeni inayotoka ni nyingi kuliko inayotumika.

Maswali ya moyo na mapafu umeyajibu vizuri, sina la kuongeza.

Swali la selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, ndilo bora kuliko yote kwenye karatasi hiyo, nawe umelipa mistari miwili. Lichukulie pole pole. Himoglobini ni protini inayobeba oksijeni ndani ya seli nyekundu za damu. Kwa mwenye selimundu, herufi moja tu ya DNA imebadilika, na kwa sababu hiyo asidi amino (kijenzi cha protini) ya sita katika mnyororo wa beta wa himoglobini imekuwa valini badala ya asidi glutamiki. Himoglobini hiyo inapoachia oksijeni, molekuli zake hushikana na kuwa nyuzi ndefu ngumu. Nyuzi hizo huikunja seli, ikawa na umbo la mundu. Seli ya kawaida inajipinda na kupenya kwenye kapilari, mishipa midogo kabisa ya damu. Hii haijipindi, inaziba njia. Hapo ndipo maumivu yanapotoka. Upungufu wa damu nao una sababu yake: seli nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi, na hizi huvunjika mapema mno, mwili ukashindwa kuzifidia. Ukiandika hivyo, msomaji anaona njia nzima kutoka kwenye DNA mpaka kwa mgonjwa kitandani.

Sasa urithi. Umeandika kwamba wazazi wawili wenye jeni moja moja ya selimundu "wakizaa watoto wanne, mmoja ataugua." Sivyo, na tafadhali hili lishike, maana kuna watu huzaa kwa kutegemea hesabu hiyo. Anayeugua ni mwenye jeni mbili, moja kutoka kwa kila mzazi. Kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuwa hivyo, na mimba haikumbuki iliyotangulia. Watoto wote wanne wanaweza kuwa wazima. Nafasi ya kila mmoja kuwa mzima ni robo tatu; zidisha robo tatu nne zenyewe kwa zenyewe, utapata 81 kwa 256, karibu theluthi moja. Uwiano wa 3 kwa 1 unaonekana ukihesabu wengi. Mendel, aliyechunguza urithi kwa njegere, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1866, alihesabu mbegu 5,474 za mviringo na 1,850 zenye mikunjo. Angehesabu nne tu, asingejua lolote.

Inabaki mageuko. Kama ugonjwa huu huua, kwa nini jeni yake haijatoweka? Umejibu kwamba "mwili uliamua kujikinga na malaria." Mwanangu, hakuna mwili ulioamua. Badiliko la DNA hutokea lenyewe, bila kujua kama kuna malaria au hakuna. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison alichapisha ushahidi kwamba mtu mwenye jeni moja tu ya selimundu ana kinga fulani dhidi ya malaria. Basi penye malaria nyingi, mwenye jeni moja alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kukua na kuzaa kuliko asiye nayo kabisa, na kuliko mwenye mbili. Jeni ikabaki kwa sababu waliokuwa nayo waliacha watoto. Malaria ikiondoka, faida hiyo inaondoka nayo, lakini ugonjwa unabaki.

Kwa hiyo lile swali la mwisho, la bakteria wanaopona dawa, naomba ulijibu upya. Umeandika kwamba "wameizoea." Niambie nani alikuwepo kabla ya dawa kuingia, nani alikufa, nani alibaki, na watoto wa aliyebaki walirithi nini. Niandikie kwa sentensi zako mwenyewe, kabla ya mtihani, nami nitakurudishia nikiwa nimeweka alama.

Kula vizuri na ulale mapema.

Mama yako