Ukienda kuchagua tenori

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako imenifikia, na nimefurahi kusikia kwamba ile ukulele yako ya kujifunzia (kile kigitaa cha nyuzi nne), ya saizi ndogo iitwayo soprano, imeanza kukubana. Umeniuliza ununue tenori, saizi kubwa zaidi, ya mbao gani. Mbao tutafika, ila naomba isiwe ya kwanza. Tenori ya mbao ya thamani ambayo nyuzi zake zimekaa vibaya itakuchosha kuliko hiyo uliyo nayo.

Tuanze na vidole, maana ndivyo ulivyolalamikia. Uzi wa soprano, ukiupima kutoka kizingiti (kile kipande chenye mifereji minne chini ya kichwa) hadi darajani (kile kipande mwilini kinachoshikilia nyuzi), una urefu wa kama sentimita 34. Konseti, saizi ya kati, ni 38, tenori 43. Kwa hiyo nafasi ya freti ya kwanza (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo), ambayo kwenye soprano ni kama milimita 19, kwenye tenori inafika 24. Nyuzi zinabaki na noti zilezile, G C E A, na kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ni zilezile, hujifunzi kitu upya. Lakini kodi ya kutanua vidole, kama ile inayotaka kidole kimoja freti ya kwanza na kingine ya nne, itakuwa mbali zaidi. Na kama shida yako ni vidole kugusa uzi wa jirani unapopiga D, dawa yake ni upana wa shingo, wala si urefu. Pima kizingiti kwa rula. Zipo tenori zenye upana wa milimita 35, sawa na soprano nyingi, na zipo za 38. Milimita tatu zinaonekana kidogo kwenye rula, lakini mkononi ni nyingi sana. Kwa vidole vinene, konseti yenye shingo ya 38 inaweza kukufaa kuliko tenori yenye shingo ya 35.

Jambo la pili uliamue kabla hujatoka nyumbani: G ya juu au G ya chini? Kwenye soprano yako uzi wa G una sauti ya juu kuliko wa C, ndiyo maana ukicharaza unasikia ule mlio mwepesi wa kuchangamka. G ya chini inashuka oktavu nzima na kukuongezea semitoni (hatua ndogo za sauti, freti moja kila moja) tano chini ya C. Ukipenda kudonoa nyimbo noti kwa noti, hizo tano ni hazina, kwa sababu wimbo unaoshuka chini ya C haulazimiki tena kuhamishwa. Ukipenda kucharaza na kuimba, bakia na ya juu. Wengi hununua tenori yenye G ya juu, kisha wanavalisha uzi wa chini na kushangaa mbona unapotoka. Sababu ni hii: uzi wa G ya juu una unene wa takriban milimita 0.6, na wa G ya chini usiosokotewa waya unakaribia 0.9. Mfereji uliochongwa kwa ule mwembamba haumezi ule mnene, uzi unakaa juu juu, na ukiubonyeza freti ya kwanza sauti inapanda. Fundi atautanua mfereji kwa tupa ndogo. Njia nyingine ni uzi uliosokotewa waya, ambao ni mwembamba zaidi, ila hukwaruza vidole vinapoteleza na waya wake huchakaa kwenye freti.

Sasa umeishika mkononi. Ityuni kwanza, yaani kaza nyuzi hadi kila moja itoe noti yake, kwa tyuna (kifaa kinachoonyesha noti) na si kwa sikio. Halafu gusa uzi wa A kwa wepesi juu kabisa ya chuma cha freti ya 12, bila kubonyeza, uudonoe. Kisha bonyeza freti hiyohiyo, udonoe tena. Tyuna inapaswa kuonyesha A ileile mara zote mbili. Tofauti ya senti tano (semitoni moja ina senti 100) inavumilika. Zaidi ya kumi, tafuta chanzo. Fanya hivyo kwa nyuzi zote nne. Uzi mkuukuu nao hudanganya, kwa hiyo muuzaji akikubali kubadilisha nyuzi, pima tena kabla ya kuikataa. Noti iliyobonyezwa ikiwa juu mno, ama nyuzi zimenyanyuka sana na unazivuta unapobonyeza, jambo linalorekebishika, ama daraja limegandishwa karibu mno na kizingiti. Hilo la daraja usilichukue.

Kimo cha nyuzi juu ya shingo unakipima hapohapo freti ya 12: kutoka juu ya chuma hadi chini ya uzi, milimita 2.5 hadi 3. Kikizidi 3.5, kidole kitauma. Kuzishusha si kazi kubwa. Unatoa kile kipande chembamba cha mfupa au plastiki kinachobeba nyuzi darajani, unachora mstari wa penseli chini yake, unakisugua kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo. Kumbuka kwamba freti ya 12 iko katikati ya uzi, kwa hiyo ukitaka kushusha nusu milimita pale, unaondoa milimita moja nzima kwenye mfupa. Ondoa kidogo kidogo, kilichosuguliwa hakirudi. Chini pabaki sawasawa kabisa, hasa kama kuna pikapu (kinasa sauti cha kuunganisha na spika), kwani pakipinda uzi mmoja utasikika hafifu kuliko wenzake.

Kizingiti ndicho kinachoharibika zaidi kwenye ukulele za bei ya chini, na ndicho watu wanachosahau. Bonyeza uzi freti ya tatu, kisha tazama pale freti ya kwanza. Panatakiwa pabaki mwanya mwembamba kama unene wa karatasi. Mwanya ukiwa mkubwa, kodi za freti za kwanza kama F zitasikika zimepanda hata baada ya kutyuni vizuri. Usipokuwepo kabisa, uzi usiobonyezwa utatetema na kuzomea. Baada ya hapo piga kila freti ya kila uzi, moja moja. Mzomeo mahali pamoja tu maana yake freti inayofuata imeinuka. Pitisha na kiganja pembeni ya shingo: ncha za freti zikikukwaruza, ubao umekauka na kusinyaa.

Ndiyo sasa mbao. Tazama ukingo wa tundu la sauti. Mistari ya mbao ikiingia ndani bila kukatika, ni mbao nzima. Ukiona matabaka, ni plaiwudi. Uso wa mbele ndio unaoimba, kwa hiyo uso wa mbao nzima wenye mgongo wa plaiwudi ni mpango mzuri sana kwa mtu wa hatua yako. Sprusi hutoa sauti angavu, sida laini, mahogani ya joto. Koa ya Hawaii inasifiwa kwa haki, ila si lazima kwako sasa. Mbao nzima inataka unyevu wa hewa kati ya asilimia 40 na 60. Ikikauka sana hupasuka. Kama hutaiweka kwenye mkoba wenye kitunza unyevu, chukua plaiwudi yote bila aibu. Na ya aina yoyote ile, usiiache ndani ya gari juani, gundi ya daraja italegea.

Pikapu iache kama hupigi jukwaani. Vigingi vya kukazia nyuzi vyenye gia ni rahisi kutyuni kuliko vya msuguano. Nunua nyuzi zilizoandikwa tenori. Za chuma kamwe, zinaweza kung'oa daraja. Nyuzi mpya zitalegea kwa siku kadhaa, tyuni tu kila ukiishika.

Ukiipata unayoipenda, niandikie vipimo viwili kabla hujalipa: upana wa kizingiti, na kimo cha nyuzi freti ya 12. Hapo nitakuambia kama msasa utatosha.

Wasalimie wote nyumbani.

Wako akupendaye