Programu za bure zipo, sisi bado tuko na kalkuleta

Mhariri, mimi ni mwalimu wa taaluma sekondari moja huku mkoani, kila mwisho wa muhula nakesha najumlisha maksi za watoto zaidi ya 300, ukikosea mmoja tu nafasi zote zinavurugika unaanza upya. Kumbe kuna programu za bure kama Gibbon na openSIS, zinatunza mahudhurio, maksi mpaka ripoti za wazazi, na unaziweka kwenye kompyuta moja ya ofisini hata bila intaneti. Ila bure yenyewe sio bure sana, umeme ukikatika ndo basi, na lazima awepo mtu wa kufanya bakapu, yaani kutunza nakala ya akiba ya taarifa zote. Wahusika wa elimu, tupeni hata wiki moja ya mafunzo jamani. Kompyuta ya ofisi ipo, kazi yake kuchezea karata tu.