Kompyuta ile ile, vyumba vingi

Lubumbashi, tarehe 23 Novemba 2025

Ndugu yangu Ilunga,

Pokea salamu zangu, wewe pamoja na mama watoto na jamaa wote wa hapo Kolwezi. Sisi huku hatujambo, ila mvua imeanza na umeme unakatika kila unapojisikia. Umeniuliza kama ni kweli nimeiondoa Windows kwenye kompyuta ya kazini, na kama akili zangu ni timamu. La kwanza ni kweli; la pili utaamua mwenyewe.

Kazi yangu unaijua. Kuanzia asubuhi watu huniletea flashi zao niwachapie, na msimu wa wanafunzi kutetea kazi zao za mwisho wa masomo, flashi hizo huwa zimekwisha kupita katika kompyuta nyingi nisizozijua. Mwezi wa Agosti binti mmoja alinipa yake, nikaifungua, nikakuta folda zote zimegeuka njia za mkato. Antivairasi ilikuwa imenyamaza kimya. Kabla sijaelewa kilichotokea, flashi ya mzee aliyemfuata nayo ilikuwa imeharibika vivyo hivyo, maana yake ugonjwa niliugawa mimi. Faili tulizipata, kwa kuwa virusi vya namna ile huzificha tu bila kuzifuta, lakini mzee yule hajarudi kwangu tena. Kisha tarehe 14 Oktoba msaada wa kawaida wa Windows 10 ukakoma, na kompyuta yangu, yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha sita, haimo katika orodha ya zile zinazokubaliwa na Windows 11. Nikaona heri nihame moja kwa moja.

Nimehamia Qubes OS, mfumo wa bure ambao Joanna Rutkowska, mtaalamu wa usalama kutoka Poland, aliutangaza mwaka 2010. Kilichonivutia ni kwamba haukuahidi kuzuia kila virusi visiingie. Unachukulia kwamba siku moja vitaingia, na kazi yake ni kuvifungia pale pale vilipoingilia. Chini kabisa kuna programu iitwayo Xen, ambayo huigawa kompyuta moja kuwa kadhaa, mithili ya parseli yenye wapangaji wengi, kila mmoja na mlango wake na kufuli yake. Barua pepe zangu zina chumba chao, hesabu za duka zina chao, na hicho cha hesabu nimekikatia intaneti kabisa. Kila dirisha lina ukingo wa rangi ya chumba chake, hata mdogo wangu anayenisaidia alizoea siku ya kwanza kwamba penye wekundu, yaani chumba cha vitu visivyoaminika, haandiki neno la siri.

Flashi ya mteja sasa hupokelewa na chumba kinachoshughulikia USB peke yake. Kutoka hapo naiunganisha na chumba cha muda, ambacho nikikifunga hufutika chote pamoja na uchafu wake. Kama ni PDF, kuna amri ya kuisafisha: chumba cha muda hugeuza kila ukurasa kuwa picha tupu, na PDF mpya hutengenezwa kutokana na picha hizo. Maandishi yake huwezi tena kuyachagua wala kuyanakili, lakini kwa mtu anayetaka kuchapa tu hilo si neno.

Usidhani nimestarehe. Printa ilinitesa siku mbili nzima: niliweka programu yake ndani ya chumba, ikachapa vizuri, nikazima kompyuta, asubuhi programu haipo. Kumbe vyumba hivi huazima programu zao kutoka kwenye kiolezo, yaani chumba-mama ambacho vingine hunakili kwake, na chochote usichokiweka katika kiolezo chenyewe hakibaki; hubaki mafaili yako tu. Nilijiona mjinga, ingawa jambo hilo limeelezwa wazi katika mwongozo wao. Kunakili maneno kutoka chumba hadi chumba kunahitaji hatua nne badala ya mbili. Video hukwamakwama, kwa sababu vyumba havipewi nguvu za kadi ya picha, na umeme ukikatika betri yangu haifiki mbali kama zamani.

Kuhusu kompyuta yako, kama bado ni ile ya gigabaiti 4 za RAM, usijisumbue: Qubes huhitaji walau 6, nao wenyewe hushauri 16, kama nilizo nazo mimi, na hata hizo hujaa nikifungua vyumba vingi. Wewe huna flashi za wageni. Linux ya kawaida, ambayo nayo ni mfumo wa bure, itakutosha kabisa. Ila ukinunua nyingine, kwanza hakikisha ina VT-x na VT-d, yaani teknolojia za Intel zinazoiwezesha Qubes kutenga vyumba vyake, kisha uje nayo hapa Krismasi kabla hujafuta chochote. Faili la kusakinishia ninalo tayari, na sahihi yake ya kidijitali, inayoonyesha kwamba halijachezewa, nimekwisha kuihakiki, kwa hiyo usipoteze mega zako kulipakua.

Nisalimie watoto.

Ndugu yako,
Kasongo