Lawama ilimwangukia asiyehusika

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye biashara wa hapa Mwanza wanaotengenezewa programu za kompyuta na mafundi kama mimi. Kuna kitu wanakilipia na hawakidai: historia ya mabadiliko ya programu zao.

Naitunza programu ya mizani ya mnunuzi mmoja wa sangara, jirani na Mwaloni, Kirumba. Samaki hupimwa ndani ya kreti, programu inatoa uzito wa kreti, kinachobaki ndicho anacholipwa mvuvi. Mwezi uliopita mzee mmoja kutoka Ukerewe alikuja dirishani na stakabadhi zake kazifunga kwa mpira wa baiskeli. "Mwanangu, mizani yenu inakula." Tukapandisha kreti tupu: kilo moja na nusu. Kwenye programu imeandikwa kilo 2. Nusu kilo kila kreti, na mzee yule siku ya neema huleta sita, saba.

Bosi akataka kujua tangu lini, na nani.

Programu yetu tunaihifadhi kwa Git, chombo alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya mfumo wa kompyuta wa Linux. Ukihifadhi badiliko, inabaki tarehe, jina lako na mistari uliyogusa. Nikaandika amri ya git blame bosi akiwa amesimama nyuma yangu. Kwa Kiingereza neno hilo ni lawama, na jina lilishahukumu kabla hatujasoma. Likatoka jina la kijana wetu wa mafunzo. Akaambiwa arudishe funguo jioni ile ile.

Mimi nikanyamaza, na hilo ndilo linaloniuma. Nilijua fika kwamba amri ile humtaja aliyegusa mstari mara ya mwisho, basi. Kijana alikuwa amesogeza mistari ndani ili faili lisomeke. Namba hakuigusa.

Usiku, nyumbani Mabatini, nikauliza vingine: git log -S "kreti = 2". Hii haijali nani kagusa mstari. Inahesabu maneno hayo yamo mara ngapi kabla na baada ya kila badiliko, na kuonyesha pale tu hesabu ilipopanda au kushuka. Kusogeza mstari hakuongezi wala hakupunguzi hesabu, kwa hiyo kijana hakutokea kabisa. Lilitoka badiliko moja, la Machi, maelezo yake maneno mawili: "marekebisho madogo". Jina langu. Tuliazima kreti nzito wiki ile. Kreti zikarudi kwa mwenyewe, namba ikabaki.

Hata nisingejua maneno ya kutafuta, ipo git bisect: unaipa toleo lililokuwa sawa na toleo bovu, inayagawa mabadiliko ya katikati nusu kwa nusu ujaribu. Mabadiliko 1,000 yanakwisha kwa majaribio kama kumi.

Lakini yote haya yanataka historia iwepo. Wengi mnapokea programu kwenye flashi. Inawaka, inatoa risiti, mnashukuru. Folda iitwayo .git, inayobeba historia hiyo na ambayo kwa kawaida kompyuta huificha, imebaki kwa fundi. Siku akihama, au mkigombana, hakuna wa kuwaambia namba fulani iliingia lini. Andikeni kwenye mkataba kwamba folda hiyo ni mali yenu na mkabidhiwe pamoja na programu. Na sisi mafundi tuache "marekebisho madogo", ningeandika "kreti za kuazima, rudisha 1.5", nisingemaliza usiku mzima macho.

Kijana amerudi kazini. Wavuvi wanalipwa kwa stakabadhi za kuanzia tarehe ile ya Machi. Mzee wa Ukerewe alihesabu zake mara mbili mbele yangu, hakusema kitu. Bosi nilimweleza yote asubuhi ile. Mimi hakuniomba funguo.

Fundi wa programu,
Mabatini, Mwanza